Moto Usiotoa Majivu

Wachomaji wa Bariadi, mkoani Simiyu, wana hoja moja dhidi ya jiko la gesi, na huitoa kama watu wasiotarajia kujibiwa: nyama ya gesi haina moshi, na nyama isiyo na moshi ni chakula cha mgonjwa. Si hoja ya kupuuza. Simiyu ni mkoa wa pamba na ng'ombe, na mtu aliyekulia Itilima au Meatu huwa ameonja mbavu za mbuzi kutoka mikono mingi kabla hajamaliza darasa la saba. Lakini yupo mpishi mmoja wa safari, mwenyeji wa huko huko Itilima, ambaye hoja hiyo haimsumbui hata kidogo. Kazi yake ni kuwapikia watu wanaozunguka kwa magari ya kulala: Land Cruiser zenye hema juu ya paa, na mara nyingine lori kubwa lililogeuzwa nyumba, lenye vitanda, friji na tangi la maji. Jioni nyingi huchoma kwa gesi, na sijamsikia akiiombea radhi.

"Mkaa ulioiva una moshi gani?" huuliza, huku akifuta wavu.

Ni swali la haki. Mkaa ni mti ambao moshi wake uliishia tanurini, porini, muda mrefu kabla mbuzi hajachinjwa. Harufu inayomvuta mpita njia hutokana na mafuta na maji ya nyama yanayodondoka juu ya kitu chenye joto kali, yakaungua papo hapo, yakarudi juu na kuishika nyama. Kaa la moto hufanya kazi hiyo vizuri. Bati zito lililopata moto sawasawa nalo huifanya, na nyama haiulizi imefukizwa na nani.

Ndiyo maana anapochagua jiko hatazami kwanza kinachotazamwa na wengi. Madukani jiko husifiwa kwa kung'aa kwa kifuniko na idadi ya vichomeo. Yeye huinua wavu na kuchungulia chini. Anataka kuona mabati yaliyolazwa juu ya vichomeo, mazito, yenye mgongo kama paa, ili mafuta yaungue juu yake badala ya kudondokea kwenye matundu ya gesi na kuyaziba. Halafu huupima wavu kwa mkono. Wavu wa chuma cha kusubu ni mzito na hushika kutu usipopakwa mafuta, lakini ukishapata joto haulipotezi upesi pale unapowekewa nyama ya baridi. Wavu wa waya mwembamba hupoa mara moja, na nyama huanza kuchemka katika maji yake yenyewe. Kwa gari la kulala kila kilo ina gharama yake, na wapo wanaochagua wepesi. Yeye anaona heri aache viti viwili nyumbani.

Vichomeo viwili vinamtosha, ila kimoja hakitoshi, hata kiwe kikubwa namna gani. Sababu yake nitaifikia. Kifuniko kiwe na kina cha kufunika mguu wa mbuzi bila kuugusa. Jambo la mwisho ni lile ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wameshachelewa: regulata. Jiko lililonunuliwa Ulaya au Afrika Kusini huja na kiungo chake, na kiungo hicho mara nyingi hakiingii kwenye mtungi unaouzwa Bariadi mjini. Isitoshe, majiko mengine yametengenezwa kwa mgandamizo wa milibaa 30 na mengine kwa 50. Namba huwa imeandikwa kwenye kibati cha jiko, na regulata ni lazima ilingane nayo. Kwa hiyo hununua mtungi kwanza, kisha regulata inayoukubali, kisha mpira, na vyote vitatu huvijaribu pale pale dukani kwa povu la sabuni. Likitoa mapovu kwenye maungio, vitu hurudi kaunta bila ubishi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na haya yote wakati mkaa unauzwa kando ya barabara. Jibu moja liko langoni. Ukitoka Lamadi na kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, uko ndani ya hifadhi ya taifa, na mkaa ukikwisha humo hakuna ruhusa ya kukata wala kuokota kuni. Jibu la pili liko katika historia ya ardhi yenyewe. Kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Shinyanga, mkoa ambao miti yake ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kulima pamba na kupata kuni, hadi ukaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuurudishia nguvu utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi, na ndani yake miti ikaota upya. Serikali sasa inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mpishi wetu hahubiri lolote kati ya haya. Anasema tu kwamba hawezi kumwambia mwenye ngitili "karibu nyama, mzee," huku magunia ya mkaa yamepangwa juu ya gari.

Na ngitili hiyo hiyo humfundisha mahali pa kuweka jiko. Mwezi wa nane nyasi zake ni kavu na ndefu, na jiko la gesi, ingawa halirushi cheche, lina trei ya mafuta inayoweza kushika moto. Hivyo huliweka juu ya meza ya chuma, kwenye udongo mtupu, upande wa gari ambao upepo haufiki. Upepo ndio adui mkubwa kuliko wote katika nchi hii tambarare. Huusukuma moto chini ya wavu hadi upande mmoja uungue na mwingine ubaki mbichi, na ukizidi huuzima kabisa huku gesi ikiendelea kutoka. Gari lenyewe ndilo ukuta wake. Ila halisogezi jiko chini ya turubai lililofungwa pande zote, na hemani haliingii hata mvua inyeshe vipi, kwa kuwa hewa ya sumu itokanayo na moto haina harufu.

Siku ya kuchoma huanza siku moja kabla. Asubuhi anafika buchani na "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, anataja mguu wa nyuma wa mbuzi na mbavu, na anauliza mnyama amechinjwa saa ngapi. Wengi hudhani kwamba nyama iliyochinjwa alfajiri ndiyo bora kwa mchana ule ule. Lakini misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na hulegea polepole kadiri nyama inavyokaa kwenye ubaridi. Wanyama wa huku hutembea mbali kutafuta maji na malisho. Nyama yao ina ladha nzito, mafuta kidogo na nyuzi imara. Kwa hiyo huipaka chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, huiweka wazi kwenye sahani ndani ya friji ya gari, na kuiacha ilale. Kesho yake uso wa nyama umekauka. Hapo hutabasamu, maana nyama iliyolowa haiwezi kupata rangi: joto lote huishia kukausha maji kwanza, na rangi ile ya kahawia huanza tu uso ukipita nyuzi 140 hivi.

Jioni hufungua kifuniko kabla ya kufungua gesi. Utaratibu huo hauvunji hata akiwa na haraka, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama ndani ya jiko lililofunikwa ikingoja kiberiti. Moto ukikataa kuwaka, hufunga swichi na kwenda kukata vitunguu kwanza. Ukiwaka, husikiliza. Kichomeo kizima kina mvumo wa chini usiobadilika na ndimi za buluu. Ndimi zikiwa za njano na sauti ikakoroma, basi hewa haiingii vya kutosha, na mara nyingi mwenye kosa ni buibui: hupenda kujenga ndani ya mabomba membamba ya kichomeo jiko likikaa bila kazi, na vumbi la barabara za Simiyu humalizia kazi yake. Hulifungua jiko likiwa baridi na kupitisha brashi laini ndani ya bomba. Tundu dogo la shaba hulipuliza tu, halichokoi kwa waya, kwa sababu likipanuka kidogo moto hubadilika moja kwa moja.

Sasa ile sababu ya vichomeo viwili. Huviwasha vyote kwa dakika kumi na tano, kifuniko kimeshuka, hadi asiweze kushikilia kiganja juu ya wavu kwa zaidi ya kuhesabu mpaka tatu. Kisha huzima cha kulia. Mguu wa mbuzi hukaa kulia, pasipo moto, na kifuniko kinarudi chini, joto likizunguka kama ndani ya oveni. Na kushoto, juu ya moto, huweka kitu ambacho wageni hudhani amekisahau: vipande vya mafuta ya mbuzi, yale ya karibu na figo, vilivyokatwa vidogo kama sukari guru. Mafuta yanayeyuka, yanadondoka kwenye bati la moto, na moshi mweupe unajaa chini ya kifuniko na kuuzunguka mguu ulioko upande wa pili. Mnyama amekonda, basi anaazimwa mafuta yake mwenyewe kutoka mahali pengine mwilini. Sijaona mchomaji wa mkaa anayeutawala moshi wake hivyo, kuuanzisha, kuupunguza na kuukata, kwa kuondoa kipande kimoja kwa koleo. Hapa ndipo ninapoona ubingwa wa mtu huyu, na ndipo hoja ya nyama isiyo na moshi inapokosa pa kusimama.

Baada ya saa moja na nusu hivi, au zaidi upepo ukiwa mkali, huuchoma mguu kwa kijiti kando ya mfupa na kutazama maji yanayotoka. Yakiwa meupe, huuhamishia kushoto kwa dakika chache ili ngozi ikauke na kupasuka. Mafuta yakilipuka moto haumwagii maji. Anahamisha nyama, anafunga swichi nusu, anangoja. Kisha mguu hupumzishwa juu ya ubao wakati kachumbari inakatwa, na asiyeweza kungoja hupewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga atafune. Mbavu na sato wa Lamadi ni kazi fupi: wavu mkali uliopakwa mafuta, na samaki asiguswe hadi ajiachie mwenyewe.

Mtungi nao una tabia zake. Husimama wima nyuma ya gari, nje, kwa kuwa ukilazwa gesi ya maji itaingia kwenye mpira. Magari ya kulala yaliyotengenezwa vizuri huwa na kisanduku cha mtungi kilichozibwa upande wa ndani na chenye tundu sakafuni, ili gesi ikivuja ishukie nje. Safari ikipanda hadi ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, jiko lililokuwa likinguruma Ndabaka huanza kunong'ona kwa baridi. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani: propani huendelea kugeuka mvuke hata nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali butani hugoma karibu na sifuri yenyewe. Tena mtungi unaotoa gesi hujipoza wenyewe, na mdogo hupoa upesi zaidi. Kwa hiyo usiku wa baridi huusimamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, na huchoma mapema kabla jua halijazama.

Kuhusu kiasi kilichobaki, hakisii. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu kilowati-saa 13. Vichomeo vyake viwili, vya kilowati 2 kila kimoja, vikiwa wazi kabisa hula gramu 310 hivi kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una saa kama 19 ndani yake, na zaidi sana ikiwa kimoja kimezimwa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Yeye ana mizani ya kuning'iniza, ya aina ile ile inayopimia pamba, na kila asubuhi huutundika mtungi kwenye ngazi ya gari, husoma, hutoa, na kumwambia dereva: "Kaka, imebaki kilo moja na robo. Tujaze Mwanhuzi, mbele huko Makao tusitegemee duka."