Wiki nne za Ishiguro, na nyimbo zilizozitangulia

Kiangazi cha mwaka 1987, katika nyumba moja ya Sydenham, kusini mwa London, Kazuo Ishiguro aliandika rasimu ya karibu riwaya nzima kwa wiki nne. Riwaya hiyo, The Remains of the Day, ilichapishwa mwaka 1989 na kutwaa Tuzo ya Booker mwaka uleule. Mwaka 2017 mwandishi wake akapewa Nobeli ya Fasihi. Habari za wiki hizo nne husimuliwa sana miongoni mwa wanaojifunza kutunga, na aghalabu husimuliwa kama habari ya mbio: fulani kaimaliza kwa mwezi, nasi tujaribu. Ishiguro mwenyewe aliieleza kazi hiyo gazetini mwaka 2014, na mtu akiisoma simulizi yake kwa utulivu ataona kwamba kasi ni sehemu ndogo sana ya yaliyotendeka. Mengi yalifanyika kabla, mengi yakafuata baadaye, na jambo moja kubwa halikutoka kwenye meza ya kuandikia kabisa. Lilitoka kwenye muziki.

Kwanza tatizo lenyewe. Ishiguro alikuwa na miaka 32. Riwaya yake ya pili, An Artist of the Floating World, ilikuwa imetoka mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Whitbread. Kwa takriban miaka mitano tangu aanze kuishi kwa kalamu alikuwa na mwendo wake wa kazi usioyumba. Mafanikio yakauvuruga. Ikaja mialiko ya chakula cha jioni, safari za nje, barua za kujibu kila siku. Riwaya mpya alikuwa ameianza kiangazi kilichotangulia, na karibu mwaka mzima ulikuwa umepita bila yeye kuvuka sura ya kwanza. Anayetunga huku ana shughuli nyingine anaijua hali hii: muda unapatikana vipande vipande, na kila ukirudi kwenye mswada inakubidi uanze upya kuwafahamu watu uliowaumba wewe mwenyewe.

Yeye na mkewe, Lorna, wakaamua kufuta kila kitu kwenye kalenda kwa wiki nne. Mpango huo waliubatiza jina la Crash. Kazi ingeanza saa tatu asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi, akiwa na saa moja ya chakula cha mchana na saa mbili za chakula cha jioni. Barua asingezisoma, seuze kuzijibu. Simu asingeikaribia. Mgeni asingepokelewa. Chumba cha kuandikia, ambacho ndicho cha kwanza maishani mwake, kilikuwa kidogo na hakikuwa na mlango; riwaya mbili za mwanzo alikuwa ameziandikia kwenye meza ya kulia chakula.

Tukipiga hesabu, hizo ni saa kumi na nusu kwa siku, 63 kwa wiki, jumla 252. Mtu anayeiba saa moja kila usiku baada ya watoto kulala angehitaji zaidi ya miezi minane kuzifikia. Kwa wingi tu, basi, saa zile si za ajabu. Uzito wake umo katika kushikana kwake. Ishiguro anasema shabaha haikuwa tu kuongeza kurasa. Alitaka kufika mahali ambapo dunia ya riwaya ingekuwa ya kweli kwake kuliko dunia ya nje, na hapo hapafikiki kwa saa moja moja. Siku ya tatu Lorna alianza kumwona ana mwenendo usio wa kawaida jioni. Jumapili ya kwanza ya mapumziko alipotoka kutembea barabara kuu ya Sydenham, alijikuta akicheka peke yake kwa kuona barabara imejengwa mteremkoni, hata wanaoshuka wanajikwaa na wanaopanda wanahema. Lorna aliingiwa na wasiwasi, maana zilibaki wiki tatu.

Hata hivyo, mtu aliyeingia kwenye kile chumba hakuingia mikono mitupu, na hapa ndipo waigaji wengi wanapoanguka. Alikuwa amekwisha kusoma vitabu vilivyoandikwa na watumishi wa Kiingereza na vilivyoandikwa juu yao. Alikuwa amesoma siasa na sera ya mambo ya nje ya Uingereza kati ya vita viwili vikuu, pamoja na vijarida na insha za zama zile, mojawapo ya Harold Laski kuhusu hatari ya kuwa muungwana. Kwenye rafu za vitabu vikuukuu alitafuta miongozo ya utalii ya miaka ya 1930 na ya 1950, iliyoeleza mashamba, vijiji na barabara za Uingereza. Msimulizi alimjua: Stevens, msimamizi wa watumishi katika jumba la Darlington Hall. Safari aliijua: mwaka 1956 Stevens anaendesha gari la tajiri wake kuelekea magharibi kuonana na Miss Kenton, aliyewahi kufanya naye kazi. Aibu iliyofichwa ndani ya hadithi aliijua pia, kwamba Lord Darlington, bwana aliyemtumikia kwa moyo wote, alikuwa ametumika kuwasafishia njia Wanazi.

Swali la lini uache utafiti uanze kuandika, Ishiguro analiona kuwa miongoni mwa maamuzi makubwa ya mtunzi. Ukianza mapema mno unaharibu, na ukichelewa mno unaharibu vilevile. Mimi naamini ndilo swali la kwanza kwa kila anayetaka kuandika kwa haraka, na wengi hawajiulizi. Hufunga mlango, huzima simu, kisha hugundua siku ya nne kwamba hawajui mhusika wao anakula nini asubuhi wala anamwogopa nani.

Sasa rasimu yenyewe. Sheria yake ilikuwa moja: kuandika bila kujali mtindo. Alichoandika alasiri kikipingana na cha asubuhi, kiache. Sentensi mbovu, mazungumzo yanayokera sikio, matukio yasiyofika popote, vyote aliviacha palepale na kusonga mbele. Alichokuwa akikitafuta ni mawazo yatokeze na yakue.

Ushauri wa kutosahihisha unapoandika umekwisha kuwa wa kawaida, lakini sijaona ukielezwa kwa nini uliifaa riwaya hii hasa. Stevens ni mtu anayejidanganya. Anakumbuka jambo, analieleza kwa fahari, kisha kurasa kadhaa mbele anakiri kwamba huenda hakulikumbuka sawasawa; pengine maneno yale hayakusemwa siku ile, pengine aliyekuwa akilia nyuma ya mlango alikuwa akilia kwa sababu nyingine. Riwaya nzima inatembea kwa kujirekebisha huku. Mwandishi anayenyoosha kila mgongano papo hapo angempata msimulizi mwenye kumbukumbu safi, na msimulizi wa namna hiyo asingekuwa na cha kuficha. Mimi nasoma kwamba ile ruhusa ya asubuhi na alasiri kupingana ilimpa Ishiguro malighafi aliyoihitaji. Baadaye angeweza kuchagua upi mgongano wa uchovu na upi mgongano wa moyo wa Stevens.

Nafsi ya kwanza nayo ilisaidia. Riwaya inayosimuliwa na sauti moja huhitaji fundi aishike sauti hiyo na asiiachie. Ukiondoka mezani wiki mbili ukarudi, sauti imekwisha kuchuja: adabu ya Stevens inageuka ukavu, na urasmi wake unakuwa mzaha. Saa kumi na nusu kwa siku zinamwacha mwandishi ndani ya koo la mhusika. Sina hakika njia ileile ingeifaa riwaya ya watu ishirini wanaosema lahaja mbalimbali, ambayo huenda hufaidika mwandishi akiondoka na kurudi na masikio mapya.

Wiki nne zilipokwisha, riwaya ilikuwapo kwa kiasi kikubwa, ila haikuwa imeandikwa vizuri. Kazi ya kuiandika vizuri ilibaki. Katika hotuba yake ya Nobeli Ishiguro anautaja Machi 1988 kuwa wakati alipodhani ameimaliza. Kutoka kiangazi hadi Machi ni zaidi ya nusu mwaka. Anayenukuu wiki nne na kuiacha nusu mwaka iliyofuata anauza nusu ya habari. Na kwa kuwa tunahesabu, tukumbuke kwamba mwandishi huyuhuyu, baada ya kutoa Never Let Me Go mwaka 2005, alikaa miaka 10 mpaka The Buried Giant mwaka 2015. Lorna alikuwa ameisoma rasimu ya mwanzo ya kitabu hicho akamwambia aianze upya kabisa, naye akamsikiliza.

Jina la Lorna linanirudisha kwenye gharama. Wakati wa Crash yeye ndiye aliyebeba zamu ya mumewe ya kupika na kazi za nyumbani, juu ya zamu yake. Ishiguro analisema hili waziwazi, na ni vyema. Habari inaposimuliwa tena na wengine, hili huwa limekwisha kudondoka, na linabaki jina la mwanamume mmoja na chumba chake. Saa 252 zilipatikana kwa sababu kuna mtu alizitoa. Kwa mwandishi wa kwetu, hasa mwanamke mwenye nyumba, kazi ya mshahara na wagonjwa wa kuuguza, swali la kiufundi linaanzia hapa: nani atashika mwiko wiki hizo nne? Pasipo jibu, ipo njia ya Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaandika kwa saa tatu huku saa iko mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, kisha akaenda kazini. Ameacha riwaya 47. Njia yake hudai kidogo kidogo, kwa miaka. Trollope alikuwa na msimulizi anayetazama mambo kutoka juu, mwenye sauti isiyobadilika, na sauti hiyo haikupotea kati ya alfajiri moja na nyingine.

Turudi kwenye muziki. Kabla ya kuwaza riwaya Ishiguro alitaka kuwa mtunzi na mwimbaji wa nyimbo. Alizaliwa Nagasaki mwaka 1954, akapelekwa Uingereza mwaka 1960 akiwa na miaka mitano, na ujanani alishika gitaa, akatunga nyimbo nyingi, akapeleka kanda zake kwa wenye makampuni ya muziki. Hakuna aliyemchukua. Wengine wangeihesabu miaka ile kuwa ya kupotea. Yeye husema ndiyo iliyomfundisha kuandika. Wimbo wa sauti moja na gitaa moja ni masimulizi ya nafsi ya kwanza, mafupi, yanayosemwa kama siri kwa mtu mmoja. Maneno yake hayapaswi kumaliza maana. Sehemu inaachiwa melodia, sehemu inaachiwa pumzi ya mwimbaji. Mtunzi huzoea kuweka uchungu chini ya mstari, huku mstari wenyewe ukisema jambo jingine. Msomaji akiufungua ukurasa ambapo baba yake Stevens anakufa ghorofani huku mwana akiendelea kuwamiminia wageni divai ukumbini, ataona ufundi huo ukitenda kazi. Stevens hasemi kwamba analia. Wengine ndio wanaomuuliza kama yu mzima.

Kisha kikaja kile kilichokosekana. Machi ile ya 1988, riwaya ikidhaniwa imekamilika, Ishiguro alikuwa akimsikiliza Tom Waits akiimba Ruby's Arms. Ni wimbo wa mwanamume, labda askari, anayemwacha mpenzi wake usingizini alfajiri na kwenda kupanda treni. Sauti ni ya mtu mgumu, asiyezoea kufungua kifua chake, na katikati ya wimbo ugumu ule unavunjika kwa muda mfupi akikiri kwamba moyo unampasuka. Ishiguro alikuwa amemfunga Stevens kabisa mpaka ukurasa wa mwisho. Aliposikia wimbo ule alitambua kwamba deraya lazima ipasuke, mara moja tu, mahali palipochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, ili msomaji aone kilichokuwa ndani muda wote. Alirudi kwenye mswada akaufungua ufa huo karibu na mwisho wa hadithi, baada ya Miss Kenton kusema yale ambayo angeweza kuyasema miaka ishirini nyuma. Ni sentensi chache sana. Ukiziondoa, kitabu kinabaki kizuri na kinakosa machozi.

Saa 252 hazikuleta sentensi hizo, na sidhani kama saa 500 zingezileta. Zililetwa na sikio lililofundishwa tangu ujana kusikia mahali sauti inapobadilika, sikio la mtu ambaye hakuacha kupenda nyimbo kwa sababu tu nyimbo zilimkataa. Wala hakuziacha baadaye. Mwaka 2007 mwimbaji wa jazi Stacey Kent alitoa albamu ya Breakfast on the Morning Tram ikiwa na nyimbo nne ambazo maneno yake ni ya Ishiguro na melodia ni za Jim Tomlinson, mume wa Kent. Ushirika wao umeendelea, na mwaka 2024 mashairi ya nyimbo hizo yalitolewa kitabuni. Mengi ni ya wasafiri: watu walio hotelini, kwenye tramu, kwenye mvua ya nchi ya kigeni, wakieleza mipango ya safari kwa makini huku upendo wao ukielekea kwisha, au ukijaribu kuanza tena.