Kitabu cha Tippu Tip katika Darasa la Historia

Hapa Isevya, katika mji wa Tabora, vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita hufundishwa historia ya dunia ya zama hizi: mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, mapinduzi ya viwanda Uingereza, Mkutano wa Berlin, vita kuu mbili, na mengine mengi. Wayajua vizuri. Ukimwuliza kijana sababu za mapinduzi ya viwanda, atakuhesabia kwa vidole wala hatakwama. Lakini mwulize mambo hayo yalipita wapi hapa kwetu, naye atakutazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

Kwa hiyo nimekuwa nikisoma pamoja nao kitabu kimoja cha Kiswahili, nacho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Nataka kukipima hapa, maana wako waalimu wanaokisifu kupita kiasi, na wako wasiotaka hata kukigusa, nami naona pande zote mbili zimekosa.

Mwenye kitabu alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Alikiandika uzeeni kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akakigeuza katika herufi za Kirumi, kikapigwa chapa mwaka 1902 na 1903. Lakini kwetu Tabora yeye si mgeni. Babaye, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao yake Ituru, mwendo mfupi kutoka mjini, tena alimwoa Karunde, binti Fundikira, mtemi wa Unyanyembe.

Sifa yake kubwa ni kwamba hajipambi kwa maneno. Hueleza kama mfanyabiashara afunguaye daftari lake: mali kiasi gani alikopa kwa Wahindi wa Unguja, ambao mkubwa wao alikuwa Taria Topan, frasila ngapi za pembe alipata, siku ngapi alikaa mahali akingoja chakula. Mwalimu akizishika hesabu hizo na kuzifuata, zitamfikisha mbali. Pembe iliyotoka Manyema ilipita Tabora, ikachukuliwa mabegani mwendo wa miezi mitatu hivi hata pwani, kisha ikavuka bahari. Nyingi ziliishia Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako zilikatwa vibao vyembamba vyeupe vya kupigia kinanda. (Sisemi kinanda cha kanisani kwenu kina pembe, vya siku hizi ni plastiki.) Na nguo iliyolipwa kwa pembe ni ile tuiitayo merikani, jina ambalo latuambia lenyewe ilikotoka, yaani viwanda vya Massachusetts. Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Wamarekani mwaka 1833. Tena Wamarekani walipopigana wao kwa wao, toka 1861 hata 1865, pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi katika mizigo ya bara. Basi, mapinduzi ya viwanda yalipita hapa, mabegani mwa Wanyamwezi.

Kurasa nizipendazo kupita zote ni zile za mwisho mwisho. Katika vitabu vya shule, Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884, ukafungwa Februari 1885, na mataifa yakakubaliana kanuni za kugawana Afrika. Ndiyo habari yote. Tippu Tip hakuwako Berlin wala haisemi. Yeye asimulia jinsi alivyorudi Unguja akamkuta Seyyid Barghash amechoka, hataki tena mambo ya bara, kwa kuwa Wazungu wanautaka hata mji wake mwenyewe. Mzee huyu wa safari akasikia, akafahamu kwamba yamekwisha. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaenda pamoja na Stanley kwa meli, wakazunguka ncha ya kusini ya Afrika hata kinywa cha mto Kongo. Hapo darasa langu hunyamaza. Wameona kwa mara ya kwanza kwamba mkataba uliotiwa sahihi mbali waweza kuingia katika baraza ya mtu na kumkalisha kimya.

Sasa nieleze kasoro, nayo si ndogo. Mwandishi hutaja Waarabu kwa majina na nasaba zao, watemi kwa majina, Wazungu pia: Livingstone, Cameron, Stanley. Waliochukua mizigo hawana majina. Wapagazi wake walipotoroka, alirudi katika vijiji vya Uzaramo akakamata watu kwa wingi, akawatia minyororo, hata wakamwita Kingugwa, yaani chui. Alipofika Utetela akajifanya mjukuu wa ndugu wa mtemi aliyetekwa zamani, akapewa nchi nzima kwa hadithi hiyo. Yote mawili ayasimulia kwa furaha, na asimulia vizuri mno. Wanafunzi wangu walicheka. Nami nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka. Hapo ndipo penye uhodari wa kitabu, na hapo ndipo penye hatari yake, maana mcheko hukuweka upande wa mwenye bunduki kabla hujapata kufikiri.

Msichana mmoja hakucheka. Baada ya kipindi alinifuata akaniambia kwamba bibi wa bibi yake aliletwa Tabora kutoka Manyema akiwa mtoto, na ya kuwa nyumbani kwao jambo hili halisemwi. Akauliza, "Mwalimu, yeye yumo ukurasa gani?" Nilipekua usiku ule. Sikumwona.

Wenzangu niliowasimulia walishauri kitabu kiachwe, kwa kuwa hapa Isevya mtoto wa ukoo wa wenye misafara na mtoto wa ukoo wa waliofungwa hukaa benchi moja. Sikubali. Wakae wakisoma. Lakini nakiri nilikosa kukileta peke yake. Yafaa kifuatane na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934, kisimuliacho habari za waliotekwa bara, wakaokolewa baharini, wakakaa Frere Town karibu na Mombasa. Huko mtumwa ana jina, ana mama, ana hofu. Nacho kina upungufu wake: Mwingereza hufika na meli yake kama malaika, na uhuru huwa zawadi. Mbotela haulizi ni nani waliokuwa wakinunua pembe. Tena hapa Tanganyika utumwa ulivumiliwa katika sheria za Wajerumani, na Waingereza nao waliuondoa kwa sheria mwaka 1922, miaka 49 baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873.

Mtihani hauulizi habari za vitabu hivi, tena huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tunavisoma Ijumaa alasiri, saa ambayo si ya mtihani. Msichana yule huja. Alimwuliza bibi yake, akarudi na majina mawili tu, Kasongo na Ujiji, tukayaandika ubaoni chini ya tarehe za Berlin. Juma lijalo twaanza Mbotela. Tuna nakala moja, nayo imepoteza jalada. Mmoja atasoma na wengine watasikiliza.