Kinanda cha Helmut Walcha

Wako wasemao ya kuwa Helmut Walcha, mpiga kinanda wa kanisa, alizipiga kazi za Bach kikavu, pasipo moto wa moyo. Sisi hatukubali. Alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1907, akapofuka kabisa alipokuwa na miaka 19. Kwa kuwa macho hayakumsaidia kusoma alama za muziki, wengine walimpigia kila sauti peke yake. Akaishika moyoni, kisha akaziunganisha zote kichwani mwake. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi za Bach za kinanda. Tangu 1946 hata 1981 alitumika katika Dreikönigskirche, Frankfurt. Akafariki mwaka 1991.

Ni kweli, katika upigaji wake hamna madoido. Lakini asikilizaye santuri zake kwa makini atasikia sauti ya chini ikinena wazi sawasawa na ya juu, wala hapana imezwayo na mwenziwe. Kazi ya namna hiyo haitoki katika moyo baridi. Nasi tufundishao kwaya, ambao mara nyingi twaitunza sauti ya kwanza na kuziacha nyingine zifuate kama ziwezavyo, tuna la kujifunza kwake.