Tuzo za Televisheni na Hukumu ya Mtazamaji

Kila mwaka zitangazwapo tuzo za televisheni huko Marekani, husikika manung'uniko. Mtazamaji aliyeufuata mchezo fulani kwa miaka mingi, hata akawajua watu wake kama awajuavyo jamaa zake, huona mchezo huo umepitwa na mwingine asioupenda, naye husema kwamba waamuzi ni vipofu. Aghalabu wenye elimu huyapuuza maneno hayo kuwa ni ushabiki mtupu. Walakini, yakichunguzwa kwa utulivu, huonekana kwamba ndani yake mna maswali matatu ambayo hapana mhakiki awezaye kuyakwepa: kazi ya sanaa ipimwe kwa muda gani, iitwe kwa jina gani, na lugha yake iihesabie nini. Yafaa basi yapimwe moja moja, ili ijulikane mtazamaji ana haki wapi na amekosea wapi.

Tuzo zinazogombewa zaidi ni zile ziitwazo Emmy, zilizoanza kutolewa mwaka 1949. Wapigao kura ni wanachama wa jumuiya ya watu wa televisheni wenyewe, yaani waigizaji, waandishi, waongozaji na mafundi wa kila namna, watazamaji hawamo. Hukumu yao, kwa hiyo, ni hukumu ya fundi kwa fundi mwenziwe, kama seremala autazamavyo mlango uliochongwa na seremala mwingine. Fundi huona viungo na misumari. Mtazamaji ndiye akaaye ndani ya nyumba.

Swali la kwanza ni la muda. Mchezo uitwao Better Call Saul ulionyeshwa tangu mwaka 2015 hadi 2022, katika misimu 6 yenye sehemu 63. Uliteuliwa kuwania Emmy mara 53, wala haukupata hata moja. Kabla yake, The Wire, mchezo wa mji wa Baltimore ulioonyeshwa kati ya mwaka 2002 na 2008, na ambao leo wahakiki wengi huuhesabu miongoni mwa kazi kubwa za televisheni, uliteuliwa mara 2 tu, zote kwa ajili ya uandishi, nao pia ukatoka mikono mitupu. Mpenzi wa michezo hiyo husema kwamba hiyo ni dhuluma.

Neno hilo ni zito mno. Mchezo ulioteuliwa mara 53 haukupuuzwa. Walioupitisha ni mafundi hao hao wanaolaumiwa. Kosa, kama lipo, limo katika kipimo. Tuzo hutolewa kwa kazi ya mwaka mmoja, na mwigizaji aliyeteuliwa hupeleka mbele ya waamuzi sehemu moja tu iwe ushahidi wa kazi yake. Lakini Better Call Saul haukujengwa hivyo. Jimmy McGill, wakili mdogo atamaniye heshima ya kaka yake, huharibika kidogo kidogo: leo uongo mdogo, kesho mwingine mkubwa kuliko wa jana, hata mwisho amekuwa mtu mwingine mwenye jina jingine. Hapana sehemu moja ambayo mtu aweza kuionyesha kwa kidole akasema kwamba hapa ndipo alipopotea, na hilo ndilo fundisho lenyewe la mchezo. Sanaa ya namna hiyo haikatwi kipande kikapelekwa barazani kwa waamuzi. Mtazamaji aliyekaa nayo miaka 7 anajua jambo ambalo kura haikuulizwa. Ana haki katika alichokiona, ijapokuwa amekosea sababu yake.

Swali la pili ni la jina. The Bear, mchezo ulioanza mwaka 2022, wahusu mpishi kijana arudiye Chicago kuendesha mkahawa mdogo alioachiwa na kaka yake aliyejiua. Humo mna msiba, madeni, na jamaa wasioweza kuketi meza moja bila ya ugomvi. Hata hivyo mchezo huu umekuwa ukishindana katika kundi la vichekesho, na katika hafla ya Januari 2024 ulitangazwa kuwa kichekesho bora. Mwezi Septemba mwaka huo huo ulipata tuzo 11, ambazo hapana kichekesho kilichowahi kuzifikia kwa mwaka mmoja hadi wakati huo, ingawa tuzo kuu ya kundi ilikwenda kwa Hacks. Hata washereheshaji wa usiku ule walilifanyia mzaha jambo hilo. Mtazamaji alilalamika kwa neno moja: hauchekeshi.

Kwa msemaji wa Kiswahili malalamiko hayo yana nguvu ya pekee. Neno kichekesho limetokana na kitenzi cheka, likapitia chekesha, yaani kumfanya mtu acheke, ndipo likawa jina. Ndani ya neno hilo mna kiambishi cha kusababisha, na kwa hiyo mna ahadi: kisichomchekesha mtu hakikutimiza jina lake. Neno walilorithi Wazungu kutoka kwa Wayunani halina ahadi hiyo. Dante alilitumia kwa shairi lake linaloanzia Jehanamu na kuishia Peponi. Chekhov naye alishikilia kwamba mchezo wake wa The Cherry Orchard ni wa aina hiyo, hali Stanislavski aliutia jukwaani mwaka 1904 kana kwamba ni mchezo wa huzuni. Basi mtetezi wa The Bear aweza kusema kwamba kicheko si sharti, na kwamba katika makelele ya jikoni lile mna ucheshi wa uchungu usiokosa thamani.

Utetezi huo ungalikubalika lau jina lingalitoka kwa Wayunani. Ilivyo, lilitoka katika saa ya ukutani. Mwaka 2015 jumuiya ya Emmy iliweka kanuni kwamba mchezo wa nusu saa uhesabiwe kuwa kichekesho, na ule wa saa nzima uhesabiwe kuwa mchezo mzito, isipokuwa mwenyewe aombe ruhusa na akubaliwe. Kwa kanuni hiyo Orange Is the New Black, ambao mwaka 2014 ulikuwa kichekesho, mwaka uliofuata uligeuka kuwa mchezo mzito pasipo kubadilika kitu. Uzo Aduba alipata tuzo mwaka 2014 kwa kuchekesha, na mwaka 2015 akapata nyingine kwa uzito, naye akiigiza mfungwa yule yule. Kabla yake Ed Asner alikuwa amepata tuzo za makundi yote mawili kwa mtu mmoja, Lou Grant. Lakini yeye alihamishwa kutoka mchezo wa kuchekesha hadi mchezo mwingine uliokuwa mzito kweli, na uigizaji wake ukabadilika pia. Kwa Aduba lililobadilika ni jina la kundi peke yake.

Kanuni ya saa iliondolewa mwezi Desemba 2021, na sasa wenye mchezo ndio wanaouchagulia kundi. Hayo si marekebisho makubwa. Aliyepewa ruhusa ya kujichagulia uwanja aweza kuuchagua ule wenye washindani wepesi. Hapa mtazamaji ameona sawasawa kuliko waamuzi: jina la kundi huhukumu kabla ya hukumu.

Swali la tatu ni la lugha, nalo ndilo linalowagusa zaidi Waswahili. Mwaka 2022 Lee Jung-jae alipata Emmy ya mwigizaji bora wa kiume kwa Squid Game, mchezo wa Kikorea, naye akawa wa kwanza kuipata kwa maneno yasiyo ya Kiingereza. Mwaka 2024 Shōgun, ambao sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kijapani, ulipata tuzo 18, zaidi ya mchezo wowote kwa mwaka mmoja. Hadithi hiyo hiyo iliwahi kuonyeshwa mwaka 1980, na Kijapani cha wakati ule kwa kawaida hakikutafsiriwa. Mtazamaji aliwekwa mahali pa baharia wa Kiingereza asiyeelewa kitu. Katika mchezo mpya tafsiri huandikwa chini ya picha, na kwa hiyo mtazamaji husikia pande zote mbili, akamwona Mariko, mkalimani, anavyopunguza neno hapa na kulilainisha pale. Mengi ya mvutano wa mchezo yamo katika nafasi iliyo kati ya lugha hizo mbili. Kijapani kimekuwa kiungo cha sanaa yenyewe, na Shōgun ulishinda katika kundi la wote.

Kinyume cha hayo ni yaliyoipata Lionheart, filamu ya Nigeria, katika tuzo za Oscar. Mwezi Novemba 2019 iliondolewa katika kundi la filamu za kimataifa kwa kuwa mazungumzo yake mengi ni Kiingereza, ingawa Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo. Kundi hilo lilikuwa limeacha jina la lugha za kigeni mwaka huo huo, lakini kanuni ya lugha haikubadilishwa pamoja na jina.

Afrika nako, tuzo za Africa Magic Viewers' Choice, zilizoanza mwaka 2013, ziliwahi kuweka kundi la pekee kwa kazi za Kiswahili. Hapana shaka kwamba kundi hilo lilikuwa na faida: kazi ambayo ingalipotea katikati ya nyingi ilionekana. Lakini baraza si nyumba. Mgeni hukaribishwa barazani kwa heshima, na akiachwa hapo siku zote hajui kama amepokewa au amezuiwa mlango. Mchezo wa Kiswahili ukishindana na wa Kiswahili mwenziwe tu, husifiwa kwa lugha yake, wala haulizwi mtu kama umetenda kwa lugha hiyo jambo lisilowezekana kwa nyingine. Shōgun uliulizwa swali hilo, ukajibu.

Limebaki la kumwambia mtazamaji mwenyewe. Udhaifu wake si kupenda, maana asiyependa hatazami sehemu 63. Udhaifu wake ni kuishia katika kusema kwamba mchezo wake umenyimwa. Akitaja ni kitendo gani cha Jimmy McGill kilichotayarishwa miaka mitatu kabla, au ni neno gani Mariko alilolibadilisha na kwa nini, ameacha kunung'unika na ameanza kuhakiki. Tuzo za kila mwaka zitasahauliwa, nyingi kati yazo, kabla ya msimu mwingine. Ushahidi wa mtazamaji aliyetazama vema hubaki, na kwa kazi za Kiswahili, ambazo bado zina waamuzi wachache, huenda ushahidi huo ndio hukumu zitakayoipata kwa muda mrefu ujao.