Uso Uliosomeka Mvua Ikinyesha

Kibanda cha video nilichokulia hapa Pasiansi, Mwanza, kilikuwa na mabenchi sita, luninga ya chogo na paa la bati lisilo na dari. Kilikaa kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na wateja wake walikuwa vijana waliotoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na harufu ya dagaa mikononi, mafundi gereji, na sisi wanafunzi tuliotakiwa kuwa nyumbani tukisoma. Mvua ya ziwani haibishi hodi. Ikishaanza kulipiga lile bati, sauti yote ya luninga inamezwa. Kama inayoonyeshwa ni filamu ya nje iliyotafsiriwa, raha imekwisha, kwa sababu anayeibeba filamu hiyo ni mtafsiri, yule anayesimulia juu ya picha kwa mtindo aliouvumisha Lufufu. Mtafsiri asiposikika, wanabaki watu wanaokimbizana na hatujui wanagombea nini. Siku kama hizo tulidai hela zetu.

Zilipokuwa filamu za mwigizaji Steven Kanumba, hakuna aliyedai. Tulitazama hata robo saa nzima bila kusikia neno, na mvua ilipopungua hakuna aliyemuuliza mwenzake kimetokea nini. Tulikuwa tumeelewa.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, hasa kwa kuwa lawama inayorudiwa sana juu ya Kanumba ni kwamba alizidisha. Kwamba macho yalimtoka mno, alinyamaza mno, machozi yalimjia mapema mno; kwamba aliigiza mbele ya kamera kana kwamba yuko jukwaani na watazamaji wamekaa mita thelathini mbele yake. Mimi naona vingine. Naona fundi aliyekuwa anatatua tatizo la kazi, na alilitatua vizuri kuliko wengi wa kizazi chake. Ili kuliona tatizo lenyewe, inabidi kurudi nyuma kidogo, kwenye jinsi sini ilivyokuwa ikitengenezwa.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, kwa hiyo ni mtu wa kanda yetu. Mwaka 2002, akiwa na miaka 18, alijiunga na Kaole Sanaa Group jijini Dar es Salaam, kundi lililokuwa likionyesha michezo yake ITV. Alionekana katika Jahazi, Dira, Tufani, Gharika na mingine. Kaole kilikuwa chuo kisicho na ubao. Pale alikutana na wakongwe kama Muhogo Mchungu na Bi Hindu, watu ambao hawakuhitaji karatasi ili wazungumze. Sini ilijengwa kwa maelekezo ya mdomo. Mwongozaji aliwaketisha waigizaji akawaambia: wewe umeshajua mkeo ana siri; wewe hujui kwamba amejua; sini iishe mmoja anatoka mlangoni. Maneno tafuteni wenyewe.

Njia hiyo ina faida ambayo skripti iliyoandikwa vibaya haiwezi kuifikia. Kiswahili kinachotoka ni cha kweli, kina vijembe, kinakatishwa, kina mafumbo ya uswahilini yanayokuja kwa wakati wake. Baadaye filamu nyingi zilikuja na skripti zilizoandikwa, lakini mazoea ya Kaole hayakuondoka. Skripti ilishikwa kama ramani, na mwigizaji akachagua njia yake ya kupita.

Shida ilianza pale njia hiyo ilipokutana na kamera moja.

Filamu inayopigwa kwa kamera moja inahitaji sini irudiwe. Kwanza unapiga picha ya mbali, watu wote wawili wanaonekana kwenye makochi. Kisha unasogeza kamera, unapiga uso wa mume akisema yaleyale. Kisha unageuza, unapiga uso wa mke. Mhariri anavichukua vipande hivyo vitatu anavishona viwe tukio moja. Sasa fikiria mwigizaji anayebuni maneno papo hapo. Kwenye picha ya mbali alisema, "Nimekuvumilia vya kutosha," huku akinyanyua kikombe. Kwenye picha ya karibu anasema, "Uvumilivu umenishinda," na kikombe kiko mezani. Mhariri hana pa kushonea. Akikata katikati ya maneno, sentensi zinagongana. Akikata kwenye kitendo, kikombe kinaruka chenyewe kutoka mkononi hadi mezani.

Mhariri anaweza kukata mahali pamoja tu bila kuumbuka, napo ni kwenye kimya. Mtu akinyamaza, akamwangalia mwenzake, akavuta pumzi, hapo unaweza kuhama kutoka uso mmoja hadi mwingine bila mtazamaji kushtuka, hata kama maneno ya kabla na baada yametoka kwenye teki tofauti.

Zitazameni tena filamu za Kanumba mkiwa na jambo hili akilini. Vile vimya vyake virefu vilivyolaumiwa vinakaa mahali maalumu. Anaambiwa habari mbaya, hajibu. Kwanza macho yanashuka, kisha yanarudi, kisha kidevu kinakaza, ndipo sauti inatoka. Kila hatua inasimama peke yake na ina mwanzo na mwisho. Anampa mhariri vituo vitatu vya kushukia. Maneno yake yangeweza kubadilika kutoka teki hadi teki, lakini safari ya uso ilifuata njia ileile. Sisemi alikaa chini akapiga hesabu kwenye daftari. Fundi mzuri wa mitumbwi hapa ziwani naye hapigi hesabu kwenye daftari, na mtumbwi wake hauingizi maji.

Kuna suala la sauti pia. Maikrofoni ya bei nafuu inachukua kila kitu: pikipiki inayopita, jogoo wa jirani, upepo, jenereta. Ndiyo maana filamu zile zilikimbilia ndani ya nyumba. Watu wanadhani sebule zile za makochi makubwa na mapazia mazito zilikuwa tamaa ya kuonyesha utajiri tu. Tamaa ilikuwepo, ndiyo, lakini mapazia na zulia pia hupunguza mwangwi, na geti lililofungwa huzuia kelele na watazamaji wa mtaani. Sebule ilikuwa studio. Na ndani ya sebule hakuna mandhari ya kuchezea, hakuna mlima wala ziwa la kukusaidia kusema kitu. Uko wewe, ukuta na taa. Kazi yote inarudi usoni.

Kutoka huko DVD ilisafiri hadi kwetu, ikaingia kwenye kibanda chenye spika moja iliyopasuka, chini ya bati. Uso uliokuwa umejengwa ili umsaidie mhariri ukawa ndio uliotusaidia sisi kuisoma filamu mvua ikinyesha.

Nataka kukaa kidogo kwenye filamu za Uncle JJ na This Is It, kwa kuwa humo ndimo ninapoona ufundi wake ukipimwa kwa ukali zaidi. Zote zinamweka na watoto, Patrick na Jennifer kama watazamaji walivyowazoea. Mtoto humwambii arudie neno kwa neno, wala humwambii akumbuke alikuwa ameshika nini. Mtoto anafanya jambo moja zuri mara moja, halafu anachoka au anaangalia kamera. Mtu mzima anayeigiza naye lazima awe tayari wakati wote, apokee chochote kitakachokuja, na asimzidi. Humo Kanumba alishusha kila kitu. Macho hayatoki, sauti haipandi, mwili unalegea kama wa mjomba kweli aliyekaa na watoto wa dada yake. Aliyedai mtu huyu hakuwa na kipimo hakuzitazama filamu hizi kwa makini. Aliongeza alipotakiwa kuongeza, na alijua kupunguza.

Kulikuwa na mahali njia yake ya kubuni maneno ilipomgomea. Mwaka 2006 alitokea katika Dar to Lagos, iliyoongozwa na Femi Ogedegbe, akiwa na Mercy Johnson wa Nigeria. Mwaka 2011 akaigiza na Ramsey Nouah, naye wa Nigeria, katika Devil Kingdom. Ni hatua kubwa kwa mwigizaji aliyeanzia kwenye michezo ya luninga. Lakini kubuni maneno papo hapo kunadai lugha iliyokulia mdomoni. Kwa Kiingereza alilazimika kutafuta neno kwanza, na mtu anayetafuta neno huonekana machoni. Ile safari ya uso iliyokuwa laini ikaanza kukwaruza. Mwaka 2009, alipoalikwa kwenye nyumba ya Big Brother Africa kule Afrika Kusini, watu wengi hapa nchini walimcheka kwa Kiingereza chake. Iliniuma wakati ule na bado inaniuma. Walimcheka mtu aliyenyang'anywa chombo chake cha kazi akaambiwa afanye kazi ileile.

Tuje kwenye hela, maana urefu wa kile kimya una upande wake wa biashara. Msambazaji wa Dar es Salaam alinunua masta, yaani nakala mama, kwa mkupuo. Filamu ilitoka sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja kwenye DVD yake na kava yake, na hadithi ya saa moja na nusu ikabidi ivutwe ijaze DVD mbili. Hapo ndipo yalipozaliwa magari yanayoingia getini kwa dakika nzima. Mwigizaji asiye na kitu usoni, ukimwachia kimya kirefu, anakufa. Kanumba uliweza kumwachia. Kwa hiyo alikuwa mtaji mara mbili: sura yake kwenye kava iliuza DVD kabla mtu hajaitazama, na ukimya wake ulijaza dakika ambazo wengine wangezijaza kwa kutembea.

Lakini masta ikishauzwa, imeuzwa. Sura iliendelea kufanya kazi vibandani, kwenye mabasi ya mikoani na kwenye luninga, na mwenye sura hakuwa na fungu humo. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Tarehe 10 maelfu walimuaga viwanja vya Leaders jijini Dar es Salaam, akazikwa Kinondoni. Hapa Pasiansi kibanda kiliweka filamu zake mfululizo, na kwa mara ya kwanza niliona wanaume wa Mwaloni wakilia hadharani. Filamu yake Ndoa Yangu iliingia sokoni yeye akiwa kaburini. Hata stempu za kodi za TRA kwenye kazi za filamu na muziki, zilizokusudiwa kuonyesha nakala halali ni ipi, zilianza mwaka 2013, yeye hayupo.

Hakuwa peke yake. Mchekeshaji King Majuto wa Tanga aliishi zaidi ya Kanumba kwa miongo, na ufundi wake ulikuwa tofauti kabisa: mwili mzima, mwendo, kuchelewesha jibu nusu sekunde mpaka ukumbi ucheke wenyewe. Hata hivyo mwisho wa mkataba ulikuwa uleule. Alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, malipo aliyopewa kwa kazi na matangazo yake yakawa mjadala wa taifa, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huohuo. Ng'ambo ya ziwa, kule Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walikuwa wamejaribu njia nyingine kwa filamu zao kama Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Waigizaji walibeba DVD wenyewe, wakauza nyumba kwa nyumba kabla wanakili hawajawawahi, na kila mmoja akapata sehemu ya alichouza. Hela ilikuwa ndogo. Ila mwigizaji alijua nakala ngapi zimetoka, kwa kuwa zilitoka mkononi mwake, na hilo Kanumba hakuwahi kulipata.

Siku hizi tamthilia za Azam na Maisha Magic Bongo zinarushwa mfululizo, kamera zimeongezeka na sauti ni safi. Vijana wa hapa mtaani nao wana kundi lao, wanapiga kwa simu na kurusha wenyewe mtandaoni. Mwezi uliopita waliniita niwatazame. Sini ilikuwa ya mama anayegundua mwanawe ameuza mtumbwi wa marehemu baba. Binti aliyeigiza mama ana kipaji kinachotisha, lakini kila teki alikuja na maneno mapya, na kijana anayehariri alikuwa amekata tamaa: hakuna kipande kilichoungana na kingine. Walitaka kumpa karatasi akariri. Nikawaomba wasubiri. Nilimwambia binti ayaache maneno yaje yanavyotaka, ila tukubaliane mambo matatu yasibadilike: akisikia habari, macho yashuke kwenye kikombe cha chai; akiweka kikombe mezani, akiweke kwenye kile kidoa cheusi cha kitambaa; kisha anyamaze mpaka ahisi ameshindwa kunyamaza, ndipo aseme.

Tulirudia mara nne. Mara ya tatu mvua ikaanza, na yule wa sauti akaniangalia aone kama tusimame. Binti hakusimama. Maneno yalikuja tofauti mara zote nne, na kikombe kilitua kwenye kidoa kilekile.