Breka Kubwa Si Dawa: Tunahimizwa Kupikia Umeme, Nani Anaangalia Meni Swichi?

Naishi Mafiga, hapa Morogoro mjini, na maana ya jina la kata yetu unaijua: mawe matatu ya kuinjikia chungu. Kwa hiyo leo tuzungumze mapishi, ila si ya kuni. Nataka kukosoa ushauri wa aina mbili unaotufikia majumbani. Wa kwanza unatoka juu: pikieni umeme. Wa pili unatoka kwa fundi wa mtaani: breka ikisumbua, weka kubwa zaidi. Ule wa kwanza ni mzuri ila ni nusu. Wa pili ni wa hatari, na unapata nafasi kwa sababu ile nusu nyingine haikusemwa.

Tuanze kwa haki. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi na lengo hilo. Sisi tunaoishi chini ya Uluguru tunajua gunia la mkaa linaanzia wapi. Umeme nao unazalishwa: Kidatu, mkoani kwetu, ina mitambo ya megawati 204, na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Ila angalia tunavyohamasishwa: tunaonyeshwa jiko, sufuria, na uniti ngapi zinaivisha maharage. Waya ulio ukutani nyuma ya jiko hatuonyeshwi.

Nikupe mfano wa nyumbani. Nyumba ya mama mkubwa ilifungwa umeme wakati matumizi yalikuwa taa, redio na pasi. Meni swichi ya njia nne iliwekwa barazani. Miaka ikaenda, nyumba ikaongezwa, baraza ikawa jiko. Leo ile meni swichi iko juu ya sinki, inapigwa na mvuke kila siku. Kisha likaja jiko la umeme la sahani mbili na birika. Breka ikaanza kuanguka kila jioni. Fundi akamwambia, "Mama, hii ya 20 ni ndogo. Nikuwekee ya 32, hutasumbuka tena." Mama mkubwa akanipigia: "Mwanangu, wewe umesoma, hebu nambie kama huyu ananidanganya."

Hakuwa anamdanganya. Ni kweli asingesumbuka tena, na hapo ndipo penye hatari. Twende taratibu.

Ukitaka ampea, gawa wati kwa volti. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Jiko wati 2,500, birika 2,200, pasi 1,200: jumla 5,900, yaani karibu ampea 26. Vyote vilikuwa kwenye njia moja ya soketi, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20. Ampea 26 kwa muda mrefu, breka inaanguka. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Wengi tunadhani breka inalinda jiko au friji. Hapana, kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Joto la waya huongezeka kwa mraba wa ampea. Chukua waya huo wa 2.5 kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi mita 20: ukinzani wake ni kama omu 0.15. Ukipitisha ampea 20, waya unageuza wati 60 kuwa joto. Ukipitisha 32, ni zaidi ya wati 150. Mkondo umepanda kwa asilimia 60, joto limekuwa mara mbili na nusu. Na joto hilo linatoka ndani ya plasta, au juu ya dari chini ya bati la saa saba mchana. Ganda la waya linakauka na kupasuka kidogo kidogo, na hakuna kitu kinachoanguka kukuonya. Breka kubwa kwenye waya uleule ni sawa na kumziba mlinzi mdomo.

"Basi tuihamishe hiyo meni swichi, tuweke na njia nyingi." Sawa, hilo ndilo jibu, ila nalo lina mitego. Wa kwanza ni viungo. Waya za zamani hazifiki mahali papya, kwa hiyo fundi anaziunga juu ya dari, anasokota na kuzungushia tepu. Kiungo kilicholegea chenye omu 0.1 tu, kwa ampea 20, kinatoa wati 40. Ule waya wa mita 10 unatawanya wati zake 60 kote. Hizi 40 ziko mahali padogo kama ncha ya kidole. Ni kama kuacha pasi ya kulehemu imewaka juu ya mbao za dari. Kiungo kikibidi, kikazwe kwa skrubu, kiwe ndani ya boksi, na boksi lifikike.

Mtego wa pili ni ethi. Tuseme nondo yako ya ethi, kiangazi udongo umekauka, ina omu 100. Waya wa moto ukigusa bati la jiko, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 gawa kwa 100: ampea 2.3. Breka ya 20 hata haishtuki, na wewe unaligusa jiko. Ndiyo maana meni swichi mpya inahitaji swichi ya kugundua uvujaji, ile mafundi wanayoiita RCD, inayokata kwenye miliampea 30. Wengi wanairuka kwa sababu ya bei, halafu wanabakiza hela ya rangi ya ukuta.

Kwa hiyo mafiga yako ni matatu: waya unaotosha, breka inayoendana na waya huo, na ethi yenye RCD. Ukiondoa moja, chungu kinamwagika. Jiko zito lipate njia yake lenyewe kutoka meni swichi, kwa mfano waya wa 6 kwa breka ya 32. Mita ya LUKU usiiguse wala usivunje lakiri; kuihamisha ni kazi ya TANESCO, omba kwao. Na fundi muulize leseni ya EWURA kabla hujamuuliza bei.

Lakini lawama zote tusimtupie fundi. Breka ni rahisi kuliko kupasua ukuta, na mteja anataka taa zirudi leo. Ukosoaji wangu mkubwa unabaki kwa wahamasishaji. Jiko la presha la wati 1,000 linatumia ampea 4 na kidogo. Soketi nzima inalimudu vizuri. Semeni hivyo. Semeni pia kwamba nyumba ya vyumba sita vya wapangaji, kila mmoja na jiko lake, LUKU moja na njia mbili za soketi, si suala la jiko tena. Mpangaji hana ruhusa ya kupasua ukuta, na mwenye nyumba haoni faida ya kuupasua. Mpango unaompa mpangaji jiko bila kumgusa mwenye nyumba unamwachia mpangaji hatari.

Mama mkubwa amekataa ile 32. Kwa sasa birika na jiko haviwaki pamoja, na pasi inasubiri. Anachangisha hela ya kuhamisha meni swichi kabla ya masika. Jioni hii, nenda kaangalie yako: breka imeandikwa ngapi, na waya unaotoka hapo ni wa ngapi? Kama namba hizo hazipatani, usisubiri harufu.