Kumtoa Mtu Ndani ya DVD

Siku hizi huku Uvira mtu akitaka picha ya marehemu, na marehemu yumo kwenye DVD ya harusi, anaweka diski, anaisimamisha, kisha anainua simu na kuipiga picha televisheni. Inatoka sura ya buluu yenye mistari, taa ya sebule ikimmulika marehemu kwenye paji la uso. Ndiyo hiyo inayochapishwa kwenye fulana za matanga. Naona haya, maana mafundi wa kazi hii bado wapo.

Ninayemjua mimi ana kibanda upande wa Kalundu. Diski ikifika anaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoishinda leza. Kisha anainakili yote kwenye kompyuta kabla umeme haujakatika. Kazi yenyewe huanzia hapo.

Mama mmoja alimletea harusi ya mdogo wake. "Papa, namtafuta mama yangu. Anapita tu nyuma ya keki."

"Tutamtafuta polepole, mama."

Sekunde moja ya DVD zetu ina picha 25, naye alizisogeza moja moja. Kamera za wakati ule zilichukua kila picha kwa nusu mbili: mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, halafu ile iliyorukwa. Mtu akisogea kati ya nusu hizo, ukingo wa mkono wake unaota meno kama kitana. Programu inaweza kuyaondoa kwa kutupa nusu moja, na ukali wa picha ukaondoka nayo. Fundi hakutaka. Alisema anayesalimiana lazima atulie kidogo kabla hajaachia mkono wa mwenzake. Akangoja salamu, na kweli bibi alitulia: kitambaa cha kichwa kimelalia kushoto, macho wazi, mdomo karibu kucheka.

"Mama yangu hakuwa mwembamba hivi," mteja akalalamika.

Alikuwa na haki. Diski huhifadhi picha ikiwa na upana wa nukta 720 na kimo cha 576, na televisheni ndiyo inayoipanua. Ukiichomoa jinsi ilivyo, watu wote wanakonda. Fundi aliupeleka upana hadi 768, mashavu yakarudi.

"Sasa ndiye."

Mteja aliomba na kipande cha video. Humo picha kamili huja kama mara mbili kwa sekunde. Zinazofuata ni kumbukumbu ya kilichobadilika tu. Kwa hiyo fundi alikata penye picha kamili, kabla kidogo bibi hajaingia, ili video isisagwe upya. Mwenye haraka angekata popote.

Watu hudhani asili iko kwa mpiga video. Wapi! Kaseti ilikuwa ghali, na wengi walirekodi harusi ya Jumamosi iliyofuata juu ya ile ile. Diski ya kuchoma nayo ni tabaka la rangi tu, na joto na unyevu wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika haviihurumii. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, nyumba zilikwenda na kabati zake. Nakala za harusi nyingine leo ziko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ng'ambo ya ziwa, au Marekani, kwa ndugu waliotangulia kuondoka.

Kompyuta mpya nyingi hazina hata tundu la diski. Ya fundi ni kuukuu, na leza yake imechoka. Vijana wanaokaa naye wanajifunza kuzungushia picha maua na kuwekea video muziki. Kusogeza picha moja moja kunawachosha. Mteja naye akiambiwa arudi kesho, anauliza picha moja itachukuaje siku nzima, kisha anataja bei ya fotokopi.